Anayemtoa Mtoto Darasani Abebe Deni la Masomo Yake

Darasani kwetu Tandika kulikuwa na kijana tuliyemwita Winga. Jina lake halisi lilikuwa kwenye rejesta, lakini hakuna aliyelitumia ila mwalimu wa darasa, na mwalimu naye mara nyingi aliliita pasipo kuitikiwa. Winga alikuwa na mguu wa kushoto uliowafanya wazee waache bao lao katikati na kusogea uwanjani pale Mwembe Yanga. Timu za mchangani zilimgombania tangu yuko kidato cha kwanza. Wiki hii yuko Kibaha, wiki ijayo Bagamoyo, wiki inayofuata amerudi na njumu mpya na hadithi za Morogoro. Jumatatu asubuhi mwalimu akifika kwenye jina lake alinyamaza kidogo, akatazama dawati la nyuma, akaweka alama kwa kalamu nyekundu, akaendelea.

Alama zile zilipotimia, jina likatoka. Siwezi kusema alionewa. Barua zilikwenda nyumbani, mzazi aliitwa, mtendaji wa kata alishirikishwa, kanuni ikafanya kazi yake. Ninachokikumbuka hadi leo ni mama yake, aliyekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule tangu saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, akisubiri kumwombea mwanawe. Katika wale wote waliokuwa wakija kumchukua kijana kwa Hiace, hakuna aliyekuja kuketi naye. Mwenye timu hakuja. Kocha hakuja. Aliyemnunulia njumu hakuja. Walimtoa darasani wao, lakini deni la darasa alibaki nalo yeye na mama yake.

Kila mtoto mwenye kipaji anapofutwa shule huko Mbagala au Tandale, nasikia maneno yale yale. Kuna wanaosema shule imeua kipaji, na wengine wanasema kipaji kimemponza mtoto. Wote wanamtazama mtoto na shule, wanamsahau mtu wa tatu, yule aliyekuja kumchukua. Makala hii inamhusu yeye.

Lakini nianze kwa kuitetea kanuni, kwa sababu wapenda michezo wenzangu wanaisema vibaya. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtwika mzazi wajibu wa kuhakikisha mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria hadi amalize. Kwa sekondari, wazazi wa mjini wanaijua vizuri hesabu ya siku 90 za utoro. Zinaonekana ni sheria kali mpaka utembee Manzese saa 4 asubuhi siku ya shule, uone watoto wa umri wa darasa la 5 wakiwa na viroba vya chuma chakavu, au uingie kwenye vibanda umiza ukute kaptula za shule zimekaa mbele ya runinga. Watoro wengi wa jiji hili hawana klabu inayowataka. Wanabeba mizigo sokoni, wanalea wadogo zao, wanakaa tu. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, shule za pembezoni mwa jiji zimejaa kiasi kwamba mwalimu wa Mbagala anaweza kuwa na darasa ambalo safu za nyuma anazijua kwa majina ya kwenye daftari tu. Kwa mwalimu huyo rejesta ndiyo macho. Ukimwambia asiweke alama nyekundu, unamwambia afumbe macho, na atakayepotea kwanza ni yule mtoto wa chuma chakavu ambaye hakuna anayemgombania.

Kwa hiyo sitaki kanuni ilegezwe; nataka anayemchukua mtoto naye awajibike. Wazee wa Temeke wanakumbuka jinsi watoto walivyokuwa wakifuata mdundiko, ngoma inapita mtaani, mtoto anaingia kwenye msafara akicheza, na jioni anatafutwa mtaa wa tatu. Ngoma haikuwa na ubaya wowote. Tatizo lilikuwa kwamba mpiga ngoma hakuwa na wajibu wa kumrudisha mtoto aliyemfuata.

Sasa tutazame upande wa pili wa rejesta, kwa sababu hapo ndipo panaponiuma.

Mtu yeyote aliyesoma shule ya serikali Dar es Salaam anaijua halaiki. Kabla ya sherehe za Muungano au za Uhuru, watoto huchaguliwa shuleni, hupelekwa mazoezini siku baada ya siku, hufundishwa kupanga maumbo na kuimba kwa pamoja, kisha siku yenyewe huingia Uwanja wa Uhuru mbele ya viongozi, na taifa zima huwapigia makofi. Vipindi vinapita bila wao. Na hakuna mkuu wa shule aliyewahi kumwandikia barua ya utoro mtoto wa halaiki. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi anayekwenda kwenye maonesho ya wanasayansi chipukizi. Picha yake hubandikwa ukutani kwenye ofisi ya mkuu, na ni haki yake. Maana yake ni kwamba mfumo wetu unajua kutoa ruhusa. Umeshaitoa miaka nenda miaka rudi. Unaitoa pale anayemtaka mtoto anapokuwa mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Anayemtaka mtoto akiwa kocha wa Mtoni Kijichi, ruhusa inategemea mkuu wa shule ni mtu wa namna gani. Mmoja anapenda mpira, atasema mpeleke, nitajua la kufanya. Mwingine hapendi, au aliwahi kudanganywa, atakataa hata akiletewa barua ya timu ya taifa ya vijana. Mtoto wa shule ya kulipia kule Mikocheni anayekwenda mashindano ya kuogelea hutumiwa kazi zake kwa simu na mitihani husogezwa. Mtoto wa shule ya Kayumba, kama tunavyoziita mtaani, ama anatoroka ama anabaki. Watoto hao wawili wanaishi jiji moja chini ya sheria moja.

Tuliwahi kujaribu kulimaliza tatizo kwa kuifuta michezo yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu na Utamaduni, UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, zilisimamishwa kwa hoja kwamba zinakula muda wa masomo. Zilikuja kurudishwa miaka baadaye. Nilikuwa mtaani wakati ule, na niliona kilichotokea: watoto hawakuacha mpira. Waliuhamishia mahali ambapo hapakuwa na mwalimu. Mashindano ya shule yana mwalimu wa michezo, yana orodha ya majina, yana mtu wa kuulizwa. Ya mchangani yana mwenye timu na mfuko wake. Tulipoufunga mlango wenye mlinzi, watoto walipita ule usio na mlinzi.

Na katika kipindi hicho hicho shule moja ya hapa hapa Kinondoni ilikuwa ikionesha njia nyingine. Makongo, shule ya jeshi, chini ya Kanali Idd Kipingu, iliwachukua vijana wenye vipaji na kuwaweka mahali pamoja na vitabu vyao. Juma Kaseja alipita pale. Jerry Tegete alipita pale. Watu wanaikumbuka Makongo kwa mabao na makombe. Mimi naikumbuka kwa jambo dogo zaidi: aliyemtoa mchezaji darasani na aliyetakiwa kumrudisha darasani alikuwa mtu mmoja. Kipingu hakuweza kumtupia mtu mwingine lawama. Mchezaji akifeli, amefeli mwanafunzi wake, na mwanafunzi akitoroka, ametoroka mchezaji wake. Ng'ambo ya mpaka, pale Iten, Kenya, Shule ya St. Patrick's ilifanya hivyo hivyo kwa riadha tangu Bruda Colm O'Connell alipofika mwaka 1976, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London mwaka 2012, ni mmoja wa waliopita mikononi mwake.

Hilo ndilo wazo langu lote, na nitalirudia kwa maneno mengine mara nyingi kadiri itakavyohitajika: anayemtoa mtoto darasani awe na deni la vipindi alivyomkosesha, na asipolipa, aadhibiwe yeye kabla ya mtoto.

Dunia ya mpira imeshaanza kufikiri hivyo. Kanuni za FIFA za uhamisho, ibara ya 19, zinazuia mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa nje ya nchi yake ila kwa masharti machache, na pale Ulaya inaporuhusiwa kwa wa miaka 16 hadi 18, klabu inayomchukua inalazimika kumhakikishia elimu pamoja na mpira. Mzigo umewekwa kwenye bega la klabu. Uingereza, mtoto anayeigiza kwenye filamu siku za shule lazima apatiwe leseni na halmashauri, na waliomchukua wanatakiwa wamletee mwalimu, angalau saa 3 za masomo kwa siku. Kwenye Euro ya mwaka 2024 Lamine Yamal wa Hispania alikuwa na miaka 16. Alikwenda kambini Ujerumani na vitabu vyake vya shule, na habari kwamba amefaulu kumaliza elimu ya lazima zikamkuta huko huko. Alitimiza miaka 17 Julai 13, na kesho yake akacheza fainali na kutwaa kombe. Hakuna aliyesema shule imemchosha. Shule ilimfuata alikokuwa.

Mtu ataniambia Hispania si Mbagala. Kweli. Basi tumchukue Kelvin John, mtoto wa kwetu. Alicheza fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika hapa Dar es Salaam Aprili 2019, Uwanja wa Taifa na Chamazi, mashindano ambayo timu yetu, Serengeti Boys, ilipoteza mechi zote 3 na watu wakarudi nyumbani na huzuni. Kijana hakukimbizwa moja kwa moja kwenye klabu. Alipelekwa Brooke House College, Market Harborough, Uingereza, shule yenye kituo cha mpira ndani yake, na Genk ya Ubelgiji ilimsajili mwaka 2021. Katikati ya kambi ya taifa na mkataba wa Ulaya palikuwa na darasa. Swali langu kwa viongozi wetu wa soka ni moja tu: kama darasa lilikuwa muhimu kwa yule aliyekwisha kuonekana na dunia, kwa nini si muhimu kwa watoto 30 wa timu ya mtaa pale Yombo Vituka ambao bado hawajaonekana?

Na hao 30 ndio wanaonishughulisha. Katika mabishano haya jina la Mbwana Samatta halikosi kutajwa. Amekulia Mbagala, akapitia African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, akawa mchezaji bora wa mwaka 2015 kwa wanaocheza ndani ya Afrika, akafunga mabao 23 kwenye ligi ya Ubelgiji msimu ambao Genk ilitwaa ubingwa, na Machi 1, 2020 akaifungia Aston Villa kwenye fainali pale Wembley. Najivunia kama kila mtu wa Temeke anavyojivunia. Lakini ukiwa na watoto 30 hatari ni kuwapangia maisha kwa kumtazama mmoja. Wengi wao hawatalipwa hata kwa mwaka mmoja na klabu ya Ligi Kuu. Watataka kazi. Na hapa nchini, ajira ya uhakika kwa mwanamichezo mara nyingi imevaa sare. Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi alipokimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia. Alphonce Simbu, aliyetupatia dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo Septemba 2025, ni askari wa JWTZ. Tazama timu zenye majina ya JKT, Polisi, Mashujaa. Mlango wa kuingilia huko mara nyingi unaulizia cheti cha kidato cha nne.

Winga aliupata mlango huo akiwa na miaka 21. Alifanya majaribio, akapendwa, akaambiwa alete vyeti. Leo anapakia magunia Tandika sokoni, na jioni anafundisha watoto wa mtaa mpira, bure. Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia, alipomaliza kukimbia yeye na mkewe walijenga shule. Nadhani alijua kitu.

Kuna vipaji ambavyo havina njumu, na kwa hivi hali ni mbaya zaidi. Singeli imezaliwa kwenye mitaa yetu, Manzese, Tandale, Mburahati, Mbagala, na imefika kwenye majukwaa ya Ulaya. Naipenda. Ni muziki wa kasi, wa maneno mengi, na vinywa vinavyoimudu kasi hiyo mara nyingi ni vya vijana wadogo sana. Lakini shughuli za singeli ni za usiku. Mtoto wa miaka 14 anayeshika kipaza sauti hadi alfajiri kwenye ngoma ya kigodoro hataandikwa mtoro. Atakuwa darasani, amelala juu ya dawati, na rejesta itasema yupo. Kwa huyu kanuni ya mahudhurio haioni chochote. Inayoona ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inakataza kumfanyisha mtoto kazi za usiku kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na inataka kazi yoyote nyepesi ya mtoto isimzuie kwenda shule. Sheria hiyo ipo. Sijaona mwenye spika za kukodi aliyeulizwa juu yake. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, linasajili wasanii na wanaoandaa shughuli zao. Liwaulize umri wa wanaowapandisha jukwaani, na liwaulize kesho yake ni siku gani.

Sera mpya imenipa matumaini na wasiwasi kwa pamoja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 1, 2025, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, na imeweka mkondo wa amali ambamo michezo na muziki vina nafasi yake. Amali ni jambo jema. Lakini amali ni mkondo wa darasani, nao haumsaidii mtoto wa mkondo wa jumla pale Charambe ambaye siku ya Jumatano ameitwa kambini hadi Jumapili. Kisha kuna hili ambalo sijasikia likizungumzwa: ile sheria ya mwaka 1978 inamshika mtoto hasa kwenye miaka ya shule ya msingi. Lazima ya miaka 10 itamshika hadi kidato cha nne, yaani ile miaka ya 13 hadi 16 ambayo ndiyo kipaji kinachomoza na mawakala wanaanza kuja. Mgongano tunaouona sasa utakuwa mkubwa zaidi. Tusipopanga mapema namna ya kutoa ruhusa, tutakuwa na wazazi wa Temeke mbele ya mabaraza ya kata kwa sababu watoto wao wana mguu mzuri.

Basi ruhusa iweje? Iwe karatasi, na iwe ile ile kwa shule zote za manispaa, ili isitegemee moyo wa mkuu wa shule. Mzazi asaini. Mwalimu mkuu asaini. Na saini ya tatu, ambayo leo haipo popote, iwe ya klabu, kocha au mwandaaji anayemchukua mtoto, pamoja na namba yake ya usajili. Karatasi iseme siku ngapi, vipindi gani vitakosekana, na nani atavifidia. Jiji hili halikosi walimu wa tuisheni. Kila mtaa una banda la tuisheni, na kwa gharama ya kukodi Hiace kwenda na kurudi Morogoro, mwalimu anapatikana kwa Jumamosi kadhaa. Mtoto wa kidato cha nne asiguswe miezi ya karibu na mtihani wa Novemba. Na ikumbukwe kwamba asilimia 30 ya alama za mtihani huo hutokana na kazi na majaribio ya shuleni, kwa hiyo kijana aliyekosa majaribio hayo anaingia chumba cha mtihani akiwa tayari nyuma hata kama ana akili. Fidia iyahusishe pia. Vipindi peke yake havitoshi.

Klabu isipotimiza, vyama vya soka vya mkoa, Kinondoni na Temeke, yaani DRFA, KIFA na TEFA, wanajua la kufanya na timu inayovunja kanuni. Wanakata pointi kwa mchezaji asiyesajiliwa, hivyo wanaweza kukata kwa mchezaji aliyetolewa shuleni bila karatasi. Adhabu hiyo ikishatolewa mara mbili Uwanja wa Bandari mbele ya mashabiki, makocha wataanza kubeba fomu pamoja na mipira.

Nimelizungumza hili na walimu, na hoja yao inastahili jibu la heshima. Wanasema wana watoto wengi mno, na karatasi mpya ni mzigo mpya. Ni kweli kazi yao ni nzito. Ila mzigo wanao tayari: barua za wito, vikao na wazazi, kesi za utoro, maelezo kwa mratibu elimu wa kata. Karatasi ya ruhusa inahamishia sehemu ya mzigo huo kwa mtu ambaye mpaka leo habebi chochote. Wanasema pia kwamba watoto wataghushi. Wataghushi saini ya mama, ndiyo. Kughushi saini ya klabu yenye simu na usajili ni kazi ngumu zaidi, na kocha atakayepigiwa simu na mwalimu atajibu, kwa sababu ana cha kupoteza.

Wenye timu ndogo nao wataniambia hawana fedha ya tuisheni. Nawaamini. Lakini timu isiyo na fedha haina sababu ya kufanya mazoezi saa 4 asubuhi. Dar es Salaam jua la saa 4 linachoma, na tangu zamani mpira wa mtaani ulianza saa 10 jioni, shule zikiwa zimefungwa na upepo umeanza kutoka baharini. Ndondo Cup imekusanya maelfu ya watu tangu mwaka 2014 kwa mechi za jioni. Mtoto anayechezea timu ya mtaa wake jioni hahitaji ruhusa ya mtu yeyote zaidi ya mama yake. Ruhusa inahitajika kwa safari, kambi na mashindano makubwa, na hayo yana bajeti. Palipo na bajeti ya jezi pawe na ya mwalimu.

Wakati mwingine deni hili hulipwa kwa njia isiyotarajiwa. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada alipokutana na mchezo wa sataranji, kwenye mradi aliokuwa akiuendesha Robert Katende. Sataranji haikumtoa darasani. Ilimrudisha, na baadaye alisoma chuo kikuu Marekani. Katende angeweza kuchukua mataji ya msichana yule na kuishia hapo. Aliona kwamba anayegundua kipaji cha mtoto amejitwika na mtoto mzima.

Kwa wale ambao jina lao limeshatoka kwenye rejesta, mlango haujafungwa kabisa, na hili naliandika kwa herufi nzito moyoni kwa sababu wazazi wengi hawalijui. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali kurejea kwenye mfumo rasmi. Watu wengi wanaukumbuka kwa ajili ya mabinti waliopata ujauzito, na hao ndio waliostahili kutangulia. Lakini taifa lililoweza kusema kwa binti aliyejifungua, rudi tukusomeshe, linaweza kusema hivyo kwa kijana aliyepotelea kambini. Ipo pia njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na ya mtahiniwa wa kujitegemea. Mama wa mtoto kama Winga angeambiwa haya siku ile kwenye benchi, pengine asingerudi nyumbani akilia.

Oktoba 2022, Serengeti Girls ilikuwa timu ya kwanza ya Tanzania kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Walikuwa mabinti wa umri wa sekondari. Waliifunga Ufaransa mabao 2-1 huko India, wakafika robo fainali, wakatolewa na Colombia. Nchi nzima iliwatazama. Mwezi uliofuata wenzao wa umri ule ule waliketi kwenye mtihani wa kidato cha nne. Wakati tunashangilia ile 2-1, ilitupasa tuulize pia ni nani amebeba madaftari yao.

Maafisa elimu wa Temeke na Kinondoni wanaweza kuanza jambo hili bila kusubiri sheria mpya. Karatasi moja, saini tatu, na kikao kimoja na KIFA na TEFA kabla ya mashindano ya shule ya Juni ijayo. Gharama yake ni rimu kadhaa za karatasi.

Na wewe kocha unayesoma gazeti hili ukisubiri mechi ya leo jioni, una mtoto mmoja kwenye kikosi chako ambaye unataka kumwita mazoezini kesho asubuhi. Kabla hujapiga simu, muulize saa hiyo ana kipindi gani, na nani atamfundisha kipindi hicho akikikosa. Kama huna jibu, mwite jioni.